Sentensi Aliyoichelewesha Kabale

Kabale binti Jirma hakuwahi kushika kalamu, lakini aliijua barua kwa sauti yake. Aliuza maziwa ya ngamia kwenye baraza ya duka la vyuma pale Isiolo, na kando yake, karibu kiasi cha kusikia mtu akimeza mate, alikaa Lokwang na taipureta yake. Lokwang alikuwa Mturkana mwembamba aliyewahi kuwa karani wa serikali. Watu walimletea shida zao kwa Kiborana, kwa Kisomali, kwa Kimeru. Yeye akazisikiliza kwa Kiswahili na kuzigonga kwa Kiingereza. Kabale, akiwafukuza nzi kwenye vyombo vyake, alijua kwamba barua ya kuomba kazi hugongwa polepole, na ya malalamiko hugongwa mbio. Alijua pia kwamba kila ikifika mwisho wa malalamiko, Lokwang husimama kidogo, akapangusa paji la uso, kisha akamalizia kwa nguvu kama mtu anayebana mlango usiofunga.

Yeye mwenyewe alikuwa na malalamiko, tena ya siku nyingi. Siku alipoolewa, baba yake Jirma alimpa ngamia jike wa rangi ya majivu, akaitwa Dalecha kwa sababu ya rangi hiyo. Hakuwa wa mume. Alikuwa wa binti, wa maziwa yake na ya watoto wake, na kila aliyekula karamu ile alisikia Jirma akisema hivyo. Lakini mume, Yattani, alipofariki mwanzoni mwa miaka ya sabini, kaka yake Halkano alikuja kutoka Merti, akalia kuliko wafiwa wote, akakusanya mifugo ya marehemu, na Dalecha akaenda katika vumbi hilo hilo.

Kabale alimfuata. Alipanda juu ya malori ya Merti, akakaa juu ya magunia ya sukari, akafika na nywele nyeupe kwa vumbi. Halkano hakumfukuza hata mara moja. Alimpa chai. Akamwambia, "Ngoja mvua inyeshe, mke wa ndugu yangu." Mvua ikanyesha, akamwambia wanyama wako mbali kwenye majani. Majani yakakauka, akamwambia wanyama ni dhaifu, hawawezi safari. Mtu mkali unaweza kumshtaki. Huyu anayekumiminia chai utamshtaki kwa lipi? Kabale akalea mabinti wake kwa kuuza maziwa ya ngamia wa watu wengine, na kila asubuhi alipokuwa akimimina, alijua kwamba mahali fulani kando ya mto Ewaso Nyiro kuna mtu anakunywa yake.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, alikuja afisa mpya wa wilaya. Habari zikaenea sokoni kwamba huyu husoma barua. Si kuipokea tu na kuiweka chini ya jiwe; husoma, kisha humwita mtu.

"Lete maneno yako, mama," Lokwang akamwambia siku moja wateja walipopungua. "Miaka yote unasikiliza ya wengine. Yako nitaandika, wewe unipe maziwa ya leo tu."

Kabale akayaleta. Alisema kwa muda mrefu, akirudi nyuma na kwenda mbele, na Lokwang akagonga. Karatasi ilipotoka kwenye mashine, Lokwang akaishika mbali na macho yake.

"Hapa mwisho nimekufungia vizuri," akasema. Akasoma Kiingereza kwanza, kwa sauti ya mtu anayesoma kanisani: "This matter has left a bad taste in my mouth." Kisha akaigeuza: "Yaani, jambo hili limeniachia ladha mbaya mdomoni."

Ulimi wa Kabale ulikuwa tayari unapapasa meno, bila yeye kuutuma.

"Ladha ya nini?"

"Mbaya."

"Mbaya nimesikia. Chungu? Ya kuchacha? Ya kuoza?"

"Mzungu hakusema. Alisema mbaya, akaacha hapo."

"Na mdomo wangu umeingiaje? Mimi nimekuambia habari ya ngamia."

Lokwang akacheka. "Ni namna ya kusema, mama. Si mdomo wenyewe. Jambo limepita, wewe umebaki unahisi ubaya wake. Ni kama mtu amekula kitu kibovu. Amekwisha kumeza, sahani imeondolewa, lakini ulimi haujasahau."

Maneno hayo yalimshangaza Kabale, na tena yalimfurahisha, ingawa hakuonyesha. Miaka yote alidhani Kiingereza ni lugha ya mihuri na kodi. Kumbe wenyewe nao huketi mahali wakahisi kitu kimewabakia ulimini. Ni nani aliyesema hivyo mara ya kwanza? Alikuwa amefanyiwa nini? Alikuwa mwanamke? Akamwambia Lokwang asiipeleke barua kwanza, aiache chini ya mashine hadi ayazoee maneno hayo.

"Barua si kiatu, uizoee," Lokwang akasema. Lakini akaiacha.

Kesho yake Kabale alianza kuyajaribu. Jua lilipopanda juu ya bati na baraza ikawa kama tanuri, akamgeukia jirani yake Dahabo, muuza maziwa mwenzake, mnene, mwepesi wa kucheka. "Dahabo, jua hili limeniachia ladha mbaya mdomoni."

"Wallahi una homa," Dahabo akasema.

"Si homa. Ni Kiingereza."

"Na si sawa," Lokwang akasema kutoka mezani kwake bila kuinua kichwa. "Jua bado linakuchoma. Hilo ni joto tu."

Mchana akajaribu tena. "Njaa imeniachia ladha mbaya."

"Hiyo ni njaa, mama. Kula."

"Jino langu je?"

"Linauma sasa?"

"Linauma."

"Basi ni jino. Nenda kwa daktari."

Dahabo alikuwa amejishika mbavu. Lakini Kabale hakukata tamaa. Alikuwa kama mtu aliyepewa ufunguo asijue ni wa mlango gani. Jioni akakumbuka jambo. "Yule mteja wa juzi, mwenye kofia. Alikunywa maziwa yangu, akasifu, akasema mazuri sana kwa mwanamke aliyeachwa na kila mtu. Kisha akaenda zake, na mimi sikupata la kumjibu. Usiku wote nilikuwa nalo."

Lokwang akaacha kugonga. "Hapo," akasema. "Hapo umeyaweka mahali pake. Mtu ameondoka, neno limekwisha, wewe ndiye umebaki nalo. Hata mwalimu wangu wa misheni angekupigia makofi."

Kabale aliondoka siku hiyo akiwa na furaha ndogo, ya aina ambayo hakuwa ameionja kwa muda. Ilidumu hadi alipopita Marete.

Marete alikuwa Mmeru aliyeleta mahindi na maharagwe kutoka milimani, na kila alipoteremka Isiolo hakukosa kikombe kwa Kabale. "Habari ya hapa, mama?" akauliza. Dahabo, ambaye hawezi kushika kitu kitamu peke yake, akamwambia kwamba Kabale siku hizi ni mzungu, ana ladha mdomoni.

"Ladha mbaya?" Marete akauliza. "Ah, hiyo hata mimi niliandikiwa. Ile kesi ya mpaka wa shamba. Lokwang, si ni wewe? Maneno mazuri hayo."

"Mazuri," Lokwang akakubali, kidogo kidogo.

"Na walijibu?" Kabale akauliza.

"Walijibu haraka. Walisema wamesikitika sana."

"Na mpaka?"

"Jirani amepanda maharagwe." Marete akanywa, akapangusa mdomo. "Tena amevuna."

Marete alipokwenda, Kabale hakucheka na wenzake. Alikaa akiitazama ile karatasi chini ya taipureta. Kulikuwa na kitu hapo, na hakukijua. Maneno ya Lokwang yalikuwa kweli. Yeye mwenyewe ameyajaribu. Kama ni kweli, mbona yalimpatia Marete huzuni ya watu na yakamwachia jirani shamba?

Jibu lilikuja kutoka mahali pasipo na herufi hata moja. Wiki hizo Dahabo alikuwa na msiba wa chombo. Mgeni wake wa mjini, mtu mwenye haraka, alisikia mafuta ya taa yanauzwa Ngaremara, hakuwa na chupa, akaona gorfa ya Dahabo iko tupu. Gorfa ni chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi, kikakazwa hadi hakivuji. Mwenyewe hukifukizia moshi wa vijiti vya mzeituni wa porini. Kaa la moto huzungushwa ndani, kisha hufagiliwa nje, na moshi ule hubaki kwenye nyuzi na kuyapa maziwa utamu. Kwa sababu hiyo gorfa haioshwi kwa sabuni. Gorfa hukumbuka. Mgeni yule akaijaza mafuta ya taa hadi shingoni, akaileta nyumbani akijisifu kwa akili.

Sasa Dahabo alikuwa akiifukiza kila alfajiri. Leo aliileta barazani, akamnusisha Kabale.

"Bado?"

Kabale akanusa. "Bado. Lakini imepungua."

"Siku ile ya kwanza ungeiona, dada. Nilipoingia nyumbani nikamkuta ameishika, nilipiga kelele."

"Ulisemaje?"

"Ningesemaje? Nilisema mwaga. Mwaga, mwaga, mwaga. Nilimfukuza nayo hadi nje."

"Hukusema inanuka?"

Dahabo akamtazama kama mtu aliyepungukiwa akili. "Mafuta yamo ndani yanatikisika, nianze kusema inanuka? Kunuka ni habari ya baadaye."

Kabale akaiweka gorfa chini taratibu sana. Akainuka, akaenda kwenye meza ya Lokwang, akaweka kidole juu ya karatasi, mahali pa mwisho, ingawa hakujua neno lipi ni lipi.

"Hii itoe."

"Ipi?"

"Ladha."

Lokwang akavua miwani. "Mama, hiyo ndiyo nguzo ya barua. Hayo mengine juu ni ngamia tu."

"Ulinifundisha mwenyewe. Jua likichoma bado, ni joto. Jino likiuma bado, ni jino. Dalecha bado yuko kwa Halkano. Anakamwa leo. Nikimwambia afisa mimi nina ladha mdomoni, atajua nimekwisha kumeza. Atanipa pole. Mimi sijameza, Lokwang. Mafuta bado yamo ndani ya gorfa."

Mzee yule alikaa akiitazama karatasi yake. Kabale alidhani atakasirika, kwa maana mtu hapendi kuguswa nguzo. Lakini Lokwang aliyapenda maneno kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Hakutaka kuyaona yamefungwa kwenye zizi lisilo lao. Akachomoa karatasi nyingine, akaiingiza kwenye mashine.

"Ni kweli hayo hutumiwa jambo likiisha," akasema. "Najua hivyo tangu shule. Ni mazoea tu. Mkono ukifika mwisho unakwenda wenyewe huko." Kisha akauliza, "Sasa tuweke nini?"

"Weka kwamba ngamia yuko kwa Halkano, na mimi namtaka."

Barua ilikuwa fupi. Haikuwa na wimbo wowote. Afisa aliisoma, na kabla ya mwezi kuisha akamwagiza chifu awaite wazee na pande zote mbili.

Walikutana kwenye uwanja wa ofisi ya chifu, juu ya mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Halkano alishuka kwenye pikapu ya Merti akiwa na kanzu safi na fimbo nzuri. "Salaam aleikum," akawaambia wote, akampa kila mtu mkono, hata Kabale. "Mke wa ndugu yangu, mbona kutuletea serikali? Ungekuja nyumbani tukanywa chai."

"Chai nimekunywa, shemeji. Leo nimekuja kwa maziwa."

Mzee mmoja akakohoa ili asicheke.

Halkano hakukana kwamba Dalecha alikuwako. Aliuliza jambo moja tu, kwa upole. "Ngamia ana alama ya ukoo wa Yattani. Mwanamke ana alama gani? Anionyeshe alama yake, nimkabidhi fimbo hii nirudi nyumbani kwa miguu."

Ni kweli, mwanamke hana alama. Chuma cha moto ni cha ukoo, na ukoo ni wa wanaume. Kabale aliona vichwa vikikubali, kimoja baada ya kingine. Hapo ndipo aliposimama Adano, mzee kipofu wa jicho moja aliyeletwa kutoka Sericho.

"Mimi ndiye niliyemwongoza yule ngamia kwa kamba, kutoka zizi la Jirma hadi kwenye arusi," akasema. "Alikuwa na chuma cha Jirma shingoni kushoto. Chuma cha Yattani kilichomwa baadaye, juu yake, kwa sababu aliingia kwenye zizi lake. Halkano, uzao wa Dalecha wote umeuchoma alama wewe. Lakini alama si mama. Mama yao ni nani?"

Halkano akatazama fimbo yake.

Wazee wakaenda kando, wakakaa muda mrefu, wakarudi. Dalecha mwenyewe, wakasema, alikwisha kufa katika kiangazi kibaya. Halkano aliapa, na mchungaji wake akaapa. Watoto wake, wengine kiangazi kiliwachukua, wengine wageni waliwala, wengine walikwenda katika arusi za vijana wa Halkano. Kilichokwisha kuliwa hakitapikwi. Kabale apewe ngamia jike mmoja, mjukuu wa Dalecha, pamoja na ndama wake anayenyonya. Na shauri life leo. Atakayelifufua, awe nani, atatozwa faini. Wakaomba dua, wote wakafungua viganja.

Kabale akaitikia amina. Alijua arusi hizo. Alizipikia baadhi yake. Lakini ngamia mmoja mwenye maziwa ni ngamia mmoja mwenye maziwa, na mnyonge akipata nusu ya haki huambiwa ana bahati.

Halkano akaja kumpa mkono wa mwisho, kama desturi inavyotaka. Alikuwa anatabasamu. Akaushika mkono wake kidogo zaidi ya inavyopasa, akamwambia kwa sauti ambayo wengine hawakusikia, "Haya yote ya nini, mke wa ndugu yangu? Si ungeomba tu?"

Akaachia mkono, akaenda kupanda pikapu.

Ngamia alifika na wachungaji, akawekwa kwa binamu wa Dahabo upande wa Ngaremara. Alikuwa wa rangi ya majivu kabisa, shingo hadi mkia. Kabale alimpapasa nundu, akalia kidogo, akamkama mwenyewe siku ya kwanza. Kisha karani wa afisa akamwambia kuna jambo moja limebaki: alete barua kwamba amepokea, ili faili lifungwe, na nakala moja iende kwa Halkano.

Akakaa mbele ya Lokwang kwenye kile kiti cha wateja.

"Andika nimepokea ngamia na ndama."

Lokwang akagonga.

"Andika nimekubali, shauri limekwisha, sina dai tena."

Akagonga.

"Halafu andika yale."

"Yale yapi?"

"Ya ladha."

Mikono ya Lokwang ikasimama juu ya mashine. Barazani Dahabo alikuwa akimimina maziwa kutoka kwenye ile gorfa, kwa mteja ambaye hakukunja pua.

"Mafuta yamemwagwa?" Lokwang akauliza.

"Yamemwagwa. Iandike sasa, na uiandike sawasawa."

Aliigonga polepole, kama barua ya kuomba kazi, kisha akaisoma kwa Kiingereza, bila sauti ya kanisani. Kabale akachovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza chini ya maneno hayo, karibu sana nayo. Lokwang akasema hapo si mahali pake, alama huwekwa kushoto. Kabale akasema hapo panatosha.

Siku za mnada wa mifugo zilipofika, Halkano alikuja Isiolo. Kabale alimwona kutoka mbali, kanzu na fimbo, akishuka mtaa na karatasi iliyokunjwa. Hakuna wengi mtaani humo wanaoweza kumsomea mtu wa Merti Kiingereza. Akafika mezani kwa Lokwang, akaketi, akasalimia vizuri, akamwomba amsomee.

Lokwang akamsomea, akageuza kila sentensi. Ngamia na ndama, sawa. Shauri limekwisha, Halkano akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha ile ya mwisho.

"Ladha?" Halkano akasema. "Ladha ya nini?"

"Mwenye barua yuko pale anauza maziwa," Lokwang akasema. "Mimi ni mkono tu."

Halkano akageuka. Kabale alikuwa amesikia. Alikuwa akilingojea swali hilo tangu wino ulipokauka, akitaka kujua sura ya mtu itakuwaje akiuliza. Ilikuwa sura ya mtu anayeuliza kweli. Hilo hakulitarajia. Hakuwa anajua.

"Shauri limekufa, mke wa ndugu yangu," Halkano akasema. "Unalifufua? Kuna faini."

"Silifufui, shemeji. Ngamia nimepata. Umeuliza ladha, nami nakujibu ladha." Akachukua kikombe, akakipangusa. "Ni ya 'si ungeomba tu'."

Dahabo akainama juu ya vyombo vyake. Halkano akainuka. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Kisha akanyoosha mkono na kuomba kikombe.

Kabale akamimina. Yalikuwa maziwa ya mjukuu wa Dalecha, yaliyokamwa alfajiri na kufukizwa kwa mzeituni. Halkano akanywa yote, akarudisha kikombe, akaenda zake kuelekea mnadani. Kabale akamfuata kwa macho mpaka kona, akitaka kuona kama atapitisha ulimi kwenye meno.